Je, Wajua? Mwindaji, Mlo Wake na Dubu

Je, wajua kwamba leo hii Afrika haina dubu hata mmoja porini? Wa mwisho walikuwa dubu wa milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, nao walitoweka katika karne ya 19. Sisi tumelelewa tukionywa juu ya simba, nyati na kiboko. Dubu tumemwona kwenye katuni. Lakini katika majimbo ya Marekani ya Montana, Wyoming, Idaho na Alaska, na magharibi mwa Kanada, mtu anayekwenda kuwinda siku kadhaa porini hafungi hata pakiti ya njugu kabla hajamfikiria dubu. Safu ya leo inahusu chakula cha mwindaji huyo: anachobeba, anapokipikia, anapokihifadhi, na anavyoitoa porini nyama aliyoipata.

Je, wajua kwamba msimu wa kuwinda ndio huo huo msimu wa dubu kujishibisha? Kuanzia Septemba hadi Novemba wawindaji hupanda milimani kutafuta elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Miezi hiyo hiyo dubu anajiwekea akiba ya mafuta, maana muda si mrefu ataingia pangoni akae miezi mitano au zaidi bila kula wala kunywa. Anakula mchana, anakula usiku. Grizli mkubwa, yaani dubu kahawia wa Amerika Kaskazini, anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, ilhali mtu mzima wa kawaida anatosheka na 2,000 au 2,500. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, grizli hupanda hadi kwenye mawe ya vilele vya milima kufukua nondo waliojibanza humo, na dubu mmoja anaweza kula nondo 40,000 kwa siku moja. Mnyama anayepanda mlima mzima kwa ajili ya nondo hataiacha sufuria yenye mabaki ya mafuta eti kwa kuwa ni ndogo.

Je, wajua kwamba dubu huwafuata wawindaji? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu grizli waliovishwa vifaa vya redio ulionyesha kwamba msimu wa elki unapofunguliwa nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, uwezekano wa kuwakuta dubu upande huo wa nje huongezeka. Sababu si ngumu kuielewa. Mwindaji akishapasua mnyama wake huacha nyuma matumbo, mapafu na mifupa, na kwa dubu huo ni mlo mnono usiohitaji kukimbizwa.

Na je, wajua kwamba dawa ya meno ni chakula? Sabuni pia. Mafuta ya midomo, bazoka, marashi ya kwapa, mafuta ya kupikia, hata nafaka ya farasi. Dubu hafuati lebo ya kiwandani, anafuata pua, na pua yake inanasa harufu kutoka mbali kuliko tunavyoweza kukisia. Katika misitu ya taifa inayoizunguka Yellowstone kuna amri za uhifadhi wa chakula zinazotaja vitu hivi vyote kwa pamoja: chakula cha watu, cha mifugo, taka, vipodozi na mizoga ya wanyama waliowindwa. Kuzivunja ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 5,000 na kifungo cha miezi sita.

Amri hizo zinasema pia namna ya kutundika. Kitu kinachonukia kiwe angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti au nguzo. Andika namba hizo mbili kichwani halafu jaribu kuzitimiza jioni, mikono imekufa ganzi kwa baridi, kamba imeloa, na miti yote iliyo karibu ina matawi mafupi yasiyofaa. Ndiyo sababu wenye uzoefu hutafuta mti wa kutundikia mapema, wakifika tu kambini, jua likiwa bado lipo. Katika kambi nyingi za porini ndani ya Yellowstone na Glacier, hifadhi zenyewe zimeweka nguzo za kutundikia chakula.

Je, wajua kwamba kambi nzuri katika nchi ya dubu ina sehemu tatu? Unapolala, unapopikia na unapohifadhi chakula, kila sehemu mbali na nyingine kwa mita 90 hadi 100, na jiko liwe upande ambao upepo hauletei hema moshi wala mvuke wa chakula. Wengine huenda mbali zaidi na mimi nawaunga mkono: hupika mlo wa jioni njiani, wakala, wakasafisha vyombo, kisha wakatembea tena mwendo wa nusu saa au zaidi ndipo wakapiga hema. Harufu ya chakula hubaki kule nyuma. Na nguo ulizopikia, au ulizovaa ulipokuwa ukichuna mnyama, haziingii hemani asilani. Zinakaa na chakula.

Je, wajua kwamba kuna makopo ya chakula yanayofanyiwa mtihani na dubu wenyewe? Mjini West Yellowstone, jimbo la Montana, kuna kituo kiitwacho Grizzly and Wolf Discovery Center. Grizli wanaotunzwa pale ni wale wasioweza kurudishwa porini, na baadhi yao walifika hapo baada ya kuzoea vyakula na taka za binadamu. Kiwanda kikitengeneza kopo au sanduku kinalodai haliwezi kufunguliwa na dubu, hupeleka mfano wake huko. Hujazwa vyakula vyenye harufu kali, kisha hutupwa mbele ya dubu. Wanaling'ata, wanalikwaruza, wanalisimamia kwa miguu ya mbele na kuliangushia uzito wote wa mwili. Kopo likistahimili dakika 60 za kushambuliwa kweli kweli bila kufunguka wala kutoboka, linaweza kupata cheti cha IGBC, kamati ya idara za serikali inayoshughulikia grizli tangu mwaka 1983. Mambo machache katika habari hii nzima yananigusa kama hili: dubu waliopoteza uhuru wao kwa sababu ya chakula cha watu ndio wanaowasaidia wenzao wabaki huru.

Lakini cheti si kinga ya kila dubu. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, alikuwako dubu jike mweusi, mwenye umbo dogo na mwoga wa watu, aliyejulikana kama Yellow-Yellow kwa sababu ya vibati viwili vya njano alivyovishwa masikioni. Jimbo lilikwishaagiza mwaka 2005 kwamba kila anayelala upande wa mashariki wa High Peaks, eneo la vilele virefu la milima hiyo, abebe kopo la dubu kuanzia Aprili hadi Novemba. Yellow-Yellow alijifunza kulifungua kopo la BearVault, lile lenye mfuniko wa kuzungusha ambao una kibonyezo cha kuzuia usilegee. Mtu hubonyeza kwa kidole huku akizungusha. Yeye alitumia meno. Kiwanda kikaongeza kibonyezo cha pili, akakishinda nacho. Aliuawa na mwindaji mwaka 2012, akiwa amefikisha takriban miaka 20.

Kopo la namna hiyo huwa na uzito wa kilo 1.2 hivi likiwa tupu na hubeba lita 10 au 11. Ni mzigo, na wawindaji wengi hulilalamikia. Wengine huchukua mfuko laini wa Ursack, uliofumwa kwa nyuzi za plastiki ngumu sana, ambao ni mwepesi mara kadhaa, ingawa dubu anaweza kuviponda vilivyomo hata asipoutoboa. Kwangu mimi, penye dubu weusi wanaopanda miti kwa wepesi, kopo gumu linastahili kila gramu. Liwekwe chini, mahali tambarare, mbali na mto na mbali na genge, kwa sababu dubu akishindwa kulifungua hulivingirisha. Wala lisifungwe kamba, maana kamba humpa namna ya kulikokota.

Wanaoendesha misafara ya uwindaji kwa farasi na baghala hutumia masanduku ya aluminiamu yanayoning'inia ubavuni mwa mnyama na kufungwa kwa komeo.

Je, wajua kwamba Yellowstone yenyewe iliwahi kuwalisha dubu taka? Kwa miongo mingi mabaki ya hoteli yalimwagwa kwenye majalala ndani ya hifadhi, na watalii waliwekewa viti wakae watazame grizli wakila. Kandokando ya barabara dubu weusi waliomba biskuti kwenye madirisha ya magari. Kisha ukaja usiku wa kuamkia Agosti 13, 1967, katika Hifadhi ya Glacier: grizli wawili tofauti, mahali pawili tofauti, waliwaua wasichana wawili waliokuwa wamelala kambini. Dubu wa eneo hilo walikuwa wamezoea mabaki ya vyakula vya watu. Yellowstone ilifunga majalala yake mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, walipinga kufungwa kwa ghafla wakisema dubu wapewe muda wa kujirudi. Dubu wengi waliuawa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1975 grizli wa Marekani nje ya Alaska wakaingizwa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria. Hivyo mwindaji anapoambiwa afunge chakula chake, haambiwi na karani asiyejua pori. Nyuma ya agizo hilo kuna makaburi ya watu na mizoga ya dubu.

Tuje kwenye mlo wenyewe.

Je, wajua kwamba mwindaji wa milimani anaweza kuhitaji kalori 4,000 au zaidi kwa siku? Anapanda miinuko tangu alfajiri, na baridi nayo inadai sehemu yake. Kila gramu anaibeba mgongoni, kwa hiyo hesabu ni ya mafuta: gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ya wanga au protini hutoa 4. Ndiyo maana shanta la mwindaji hujaa siagi ya karanga, korosho, jibini ngumu, chokoleti na soseji kavu. Matunda mabichi na mikebe hubaki garini.

Mlo wa jioni mara nyingi ni pakiti ya chakula kilichogandishwa kisha kukaushwa. Chakula kilichopikwa hugandishwa, halafu huwekwa kwenye chumba ambacho hewa imenyonywa, na barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Maji karibu yote huondoka, umbo na ladha vikabaki. Kampuni ya Oregon Freeze Dry, iliyoanzisha chapa ya Mountain House, ilitengeneza posho za askari wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Kwa mwindaji faida si wepesi pekee. Unachemsha maji, unayamimina ndani ya pakiti, unafunga, unasubiri dakika kumi, unakula humo humo kwa kijiko kirefu. Hakuna kukaanga, hakuna mafuta yanayorukia nguo, hakuna sufuria ya kusugua. Nyama ya nguruwe ya kukaanga asubuhi inanukia vizuri mno, na hilo ndilo tatizo lake.

Maharage makavu yaache nyumbani. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi, na gesi yako itaisha kabla hayajaiva.

Je, wajua pemikani? Wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini, Wakree na wengineo, walikausha nyama ya baisani (nyati wa Amerika), wakaitwanga ikawa unga, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa, wakati mwingine na matunda madogo ya porini. Msomaji wa Garissa au Wajir ataielewa upesi, kwa kuwa nyirinyiri ya ngamia imejengwa juu ya akili hiyo hiyo: ondoa maji, funika kwa mafuta, nyama idumu. Pemikani ilidumu miaka, na biashara ya manyoya ya Kanada ilisafiri kwa kuitegemea. Mwaka 1814 gavana wa koloni la Red River alipopiga marufuku kuitoa nje ya eneo lake, Wametis (watu wa asili mchanganyiko ya Wenyeji na Wazungu) na wafanyabiashara walioishi kwayo waligoma, na ugomvi ukafikia umwagaji damu pale Seven Oaks, Juni 1816, mahali ambapo leo ni Winnipeg.

Na wajua kwamba mtu anaweza kula nyama tele na bado akadhoofika kwa njaa? Nyama isiyo na mafuta kabisa, kama ya sungura wa majira ya baridi, ikiwa ndiyo chakula pekee kwa majuma kadhaa, huleta kichefuchefu, kuhara na udhaifu, kwani ini haliwezi kushughulikia protini nyingi kupita kiasi. Msafara wa wapelelezi Wamarekani Lewis na Clark, uliovuka nchi hii ya grizli mwaka 1805, ulikula nyama nyingi ajabu, hadi kilo 4 kwa mtu kwa siku. Lewis aliandika kwamba walihitaji kulungu wanne, au elki mmoja na kulungu mmoja, au baisani mmoja, ili kundi lishibe kwa saa 24.

Baada ya kula, maji ya kuoshea vyombo huchujwa. Makombo yanaingia kwenye mfuko wa taka, maji yanamwagwa mbali na hema na mbali na mto. Taka hazifukiwi, dubu atazifukua. Kuzichoma nako hakusaidii sana, maana karatasi ya aluminiamu haiungui na harufu hubaki majivuni. Zinarudi nyumbani mgongoni.

Sasa hatari yenyewe: je, wajua kwamba saa ya hatari zaidi kwa mwindaji huja baada ya kupata? Elki dume ana kilo 300 hivi. Ukiondoa ngozi, mifupa na matumbo, hubaki nyama ya kilo 90 au zaidi, na mtu mmoja hawezi kuibeba kwa safari moja. Anaikata mapaja, mabega na minofu ya mgongo, anaitia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa ili ipoe haraka isiharibike, kisha anaihamisha yote mita 100 au zaidi kutoka penye matumbo. Matumbo ndiyo yatakayomvuta dubu kwanza. Nyama huitundika, au akikosa mti huiweka juu ya gogo au mwamba mahali peupe, panapoonekana kwa darubini kutoka ng'ambo. Kesho yake akirudi kuchukua mzigo wa pili, hasogei kabla hajapachunguza kutoka mbali. Kunguru waliotua mitini wakipiga kelele bila kushuka, nyama iliyosogezwa, au lundo la udongo na majani ambalo jana halikuwapo, maana yake ni moja: dubu ameichukua na ameifukia kwa matumizi yake. Hapo mwindaji hana nyama tena. Anarudi nyuma polepole, anawaarifu maofisa wa wanyamapori.

Septemba 2018, katika pori la Teton kusini mwa Yellowstone, kiongozi wa wawindaji na mteja wake walirudi kumchuna elki aliyepigwa mshale siku iliyotangulia. Walikuwa kazini juu ya nyama hiyo grizli jike na mtoto wake walipowavamia. Bastola ilikuwa imeachwa na mizigo, hatua kadhaa kutoka walipokuwa. Mteja alinusurika, kiongozi aliuawa. Mmoja achune, mwingine asimame akitazama msituni: kanuni hiyo ni ya kizamani na haijapitwa na wakati.

Kopo la pilipili ya kumpulizia dubu anayeshambulia nalo likae kiunoni au kifuani, kamwe si ndani ya shanta. Lilibuniwa kutokana na majaribio ya mtafiti Carrie Hunt katika Chuo Kikuu cha Montana miaka ya 1980. Mwaka 2008 watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha uchambuzi wa matukio ya Alaska: pilipili ilimsimamisha dubu kahawia katika asilimia 92 ya matukio waliyoyachunguza. Lakini usiipulize kwenye hema au mfuko wa chakula ukidhani unaweka ulinzi. Smith huyo huyo alionyesha mwaka 1998 kwamba mabaki ya pilipili yakishatulia ardhini huwavutia dubu, wakaja kuyanusa na kujigaragaza. Na anayeruka kwenda Alaska ajue kwamba ndege za abiria haziruhusu kopo hilo hata kwenye mizigo ya chini.

Alaska ina sheria ninayoipenda: katika mnyama kama musi au karibou, wote wa jamii ya kulungu, nyama inayolika lazima itolewe yote porini, na pembe hazitangulii. Mwindaji aliyerudi na pembe huku nyama ikiozea huko anashitakiwa. Kule kusikokuwa na miti ya kutundikia, baadhi ya wawindaji huzungushia nyama na hema uzio mwepesi wa umeme wa betri. Dubu hugusa kwa pua iliyolowa, na mara nyingi hahitaji kufundishwa mara ya pili.

Je, wajua kwamba nyama ya dubu mwenyewe huliwa, na kwamba inaweza kumlaza mtu hospitalini? Mwaka 2022 familia moja ilikutana South Dakota na kuchoma mishikaki ya dubu mweusi aliyewindwa Kanada. Nyama ilikuwa imegandishwa siku 45. Kwa kuwa ni nyeusi kiasili, hawakutambua kwamba haijaiva; baadhi walianza kula ndipo wakairudisha motoni. Watu sita waliugua ugonjwa wa minyoo ya trikinela, na wawili kati yao hawakula nyama kabisa, walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo. Minyoo ya dubu wa kaskazini huvumilia kugandishwa. Kinachoiua ni moto: nyuzi 74 katikati ya nyama, kwa kipimajoto, si kwa macho.

Mwisho, je, wajua kwamba katika nchi hii ya dubu Kiswahili kinazungumzwa? Mji wa Missoula, Montana, ulianza kupokea familia za wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2016. Kila vuli dubu weusi hushuka mitaani humo kutafuta matufaha na mapipa ya taka. Kwa ndugu aliye huko, hata kama hatashika bunduki maishani: matufaha yaliyoanguka uani yaokotwe, chakula cha mbwa kilazwe ndani, na pipa litolewe nje asubuhi ya siku gari la taka linapopita, si usiku wa kuamkia siku hiyo.